Unamfuta mtumiaji hafutiki, au anafutika asiyetakiwa: dalili, chanzo na cha kufanya

Kila mwaka kuanzia mwezi wa nane mpaka wa tisa, kabla minada ya korosho haijaanza mwezi wa kumi, simu nyingi ninazopokea zinakuwa za aina moja. Vyama vya msingi huku Mtwara na kwa jirani zetu wa Lindi vinasafisha orodha za wanachama: waliofariki, waliohama, waliosajiliwa mara mbili, makarani wa msimu uliopita ambao hawapo tena. Hapo ndo mtu anafungua jedwali la watumiaji, anabofya Futa, alafu shida inaanza. Mmoja anapiga kutoka Tandahimba, "kaka namfuta hafutiki", mwingine yupo Nachingwea, "kaka nimemfuta mmoja naona wamepotea wengi". Nimeona niandike matatizo yanayojirudia, nikianza na dalili unayoiona wewe kwenye skrini, alafu sababu kuanzia ile inayotokea sana mpaka ya nadra.

Mifumo mingi ninayokutana nayo ni ya PHP au Laravel, databesi ni MySQL au MariaDB, na jedwali la kwenye skrini limetengenezwa kwa DataTables. Ukitumia vingine mawazo ni yaleyale, majina tu yatabadilika.

Kabla hujagusa chochote

Chukua bekapu. Najua umeshasikia hii mara mia, lakini asilimia kubwa ya kilio ninachosikia kingeisha kwa faili moja tu:

`mysqldump -u root -p --single-transaction chama > chama_kabla_ya_kufuta.sql`

Ikimaliza usiamini kwamba faili lipo kwa sababu jina unaliona, lifungue ushuke mpaka mstari wa mwisho kabisa. Bekapu iliyokamilika inaishia na maneno `Dump completed` na tarehe. Kama haina mstari huo ujue umeme ulikatika katikati au diski ilijaa, kwaiyo hapo huna bekapu, rudia.

La pili, usiandike DELETE kabla hujaandika SELECT yenye masharti yaleyale. Unataka kumfuta namba 587, anza na `SELECT * FROM watumiaji WHERE id = 587;` uone ni nani, wangapi, alafu ndo ubadilishe `SELECT *` iwe `DELETE`. Ikikuletea mistari mitatu na wewe ulitegemea mmoja, Mungu kakuepusha.

Dalili: unabofya Futa, hakitokei chochote

Swali langu la kwanza ni hili: kwenye ukurasa wa kwanza wa jedwali inafanya kazi? Mara nyingi jibu ni ndio, watu kumi wa mwanzo wanafutika vizuri, ukienda ukurasa wa pili kitufe kimekufa. Hii ndo sababu inayoongoza na mafundi wengi wanahangaika nayo bure wakidhani ni seva. DataTables inaweka kwenye ukurasa mistari inayoonekana tu, zile za ukurasa wa pili bado hazipo wakati programu inafunga kazi kwenye vitufe, kwaiyo zikija kuonekana vitufe vyake havina kazi yoyote. Ukikuta imeandikwa hivi:

`$('.futa').on('click', futaMtumiaji);`

ibadilishe kazi ifungwe kwenye jedwali lenyewe, ambalo lipo muda wote:

`$('#jedwali').on('click', '.futa', futaMtumiaji);`

Dawa hiyohiyo inatibu ile ya "nikitafuta jina kwenye kisanduku cha kutafuta, kitufe kinagoma" na "nikipanga kwa jina kinagoma".

Kama hata ukurasa wa kwanza umegoma, bofya F12, nenda kwenye konsoli uone kama kuna mstari mwekundu. Kosa moja la JavaScript juu ya ukurasa linaweza kuzuia kilicho chini yake, na linaweza kuwa halihusiani kabisa na kufuta. Niliwahi kukuta kitufe cha kufuta kimekufa kwa sababu jQuery, maktaba ya JavaScript ambayo DataTables inaitegemea, ilikuwa inavutwa kutoka intaneti, na siku hiyo intaneti haipo, mfumo wenyewe uko kwenye kompyuta ya ofisini. Weka faili la jQuery humo humo kwenye mfumo, ofisi zetu zikikosa mtandao kazi iendelee.

Nyingine ndogo: brauza imezuia kile kisanduku cha kuuliza "una uhakika?". Mtu aliwahi kuitiki ile ya kuzuia visanduku visitokee tena, basi kila akibofya brauza inajibu "hapana" yenyewe kimya kimya. Funga ukurasa ufungue upya.

Dalili: anatoka kwenye skrini, ukirifreshi karudi

Hapa skrini imekudanganya. Mtu aliyetengeneza aliandika mstari uondoke kwenye jedwali mara tu ukibofya, bila kusubiri seva ijibu. Seva imekataa lakini wewe hujaambiwa.

Fungua F12 sehemu ya mtandao, bofya Futa, angalia ombi limejibiwa namba gani. 200 au 204 maana yake seva inasema imefuta, nyingine yoyote ya 400 au 500 seva imekataa, soma inachosema. Rekebisha programu ili mstari uondolewe baada ya jibu zuri tu, na uondoe kwa `row.remove().draw(false)`. Hiyo `false` iweke, ukiacha `draw()` tupu jedwali linarudi ukurasa wa kwanza kila ukifuta mtu mmoja, na karani aliyekuwa ukurasa wa thelathini anaanza kushuka upya. Nimekaa na dada mmoja karani kwenye chumba cha mizani nikamwona anavyoteseka, kila akifuta anabofya mbele, mbele, mbele, na ameandika kwenye kipande cha boksi namba ya ukurasa aliofikia ili asisahau. Mabano yenye neno moja ndani yangempunguzia nusu siku.

Kama seva imesema 200 na bado anarudi, angalia mawili. Moja, kazi imefunguliwa kwa `START TRANSACTION` na hakuna `COMMIT` ya kuithibitisha, kwaiyo muunganisho ukifungwa kila kitu kinarudi kilivyokuwa. Mbili, orodha inatoka kwenye kashe, yani databesi kashafutwa ila ukurasa unasoma nakala ya zamani. Ingia kwenye databesi moja kwa moja umtafute kwa ID, jibu utalipata palepale.

Dalili: eroo 1451, "Cannot delete or update a parent row"

Naomba hii uisome taratibu, maana ndo watu wanaharibu.

Ujumbe huu sio ugonjwa. Databesi inakwambia huyu mtu ana vitu vinavyomtegemea: kilo alizopima, stakabadhi zake, malipo yake, salfa aliyochukua. Kwenye jedwali la mizani kuna safu ya `mwanachama_id` iliyofungwa na FOREIGN KEY (ufunguo wa nje) kwenda kwa watumiaji, na ukimtoa mwenyewe hizo kilo zinabaki za nani? Kwa hiyo inakataa. Kwa wanaotumia PostgreSQL kosa hilohilo linakuja na namba 23503.

Anza kwa kuangalia ni jedwali gani linamshika, ujumbe wenyewe unalitaja jina, usome mpaka mwisho wake. Alafu hesabu:

`SELECT COUNT(*), SUM(kilo) FROM mizani WHERE mwanachama_id = 587;`

Ukishajua, njia inategemea kwa nini unamfuta.

Kama kasajiliwa mara mbili, ambayo ndo sababu ya kawaida kabisa huku kwetu, mtu mmoja kaandikwa Selemani, tena kaandikwa Sulemani, basi hutakiwi kumfuta kwanza. Hamisha mali zake kwenda kwenye usajili unaobaki, ndo ufute ule mtupu, na vyote vifanyike kwa pamoja:

`START TRANSACTION;`
`UPDATE mizani SET mwanachama_id = 212 WHERE mwanachama_id = 587;`
`UPDATE malipo SET mwanachama_id = 212 WHERE mwanachama_id = 587;`
`DELETE FROM watumiaji WHERE id = 587;`

Hapo simama, piga SELECT uangalie kilo za 212 zimekuwa jumla ya wote wawili. Zikiwa sawa andika `COMMIT;`, zisipokuwa sawa andika `ROLLBACK;` na hakuna kilichoharibika. Angalizo: hii inafanya kazi kwenye majedwali yanayohifadhiwa kwa aina ya InnoDB. Mifumo ya zamani unakuta jedwali ni MyISAM, hilo halijui ROLLBACK, ukishafuta umefuta. Angalia kwa `SHOW TABLE STATUS` kabla. Na usitumie TRUNCATE ukitegemea utarudisha, kwenye MySQL hiyo inajifunga yenyewe hapohapo.

Kama kafariki au kahama na ana historia ya mauzo, usimfute. Mweke asionekane kwenye orodha ya walio hai, nitaieleza hapo chini. Fedha za msimu zinaweza kudaiwa na familia hata baada ya miezi, na huyo mjane akija ofisini na stakabadhi mkononi lazima mfumo umjibu.

Sasa ile njia ya mkato. Ukitafuta mtandaoni utaambiwa andika `SET FOREIGN_KEY_CHECKS = 0;` ufute, urudishe. Inafanya kazi, na ndo maana ni hatari. Chama kimoja niliitwa msimu umeshaanza, ripoti ya mfumo inaonyesha kilo pungufu kuliko zilizopo ghalani, mzee katibu hana usingizi, wanachama wameshaanza kunong'ona kwamba kuna mtu kala korosho zao. Hakuna aliyekula. Fundi aliyepita alizima hicho kizuizi akafuta wanachama "wasiotakiwa", ripoti yenyewe inaunganisha mizani na watumiaji kwa JOIN, sasa mwenye mzigo hayupo na mzigo wake nao hauonekani. Kilo zipo kwenye databesi, zimekaa yatima. Tulizipata hivi:

`SELECT m.id, m.mwanachama_id, m.kilo FROM mizani m LEFT JOIN watumiaji w ON w.id = m.mwanachama_id WHERE w.id IS NULL;`

Nakumbuka orodha ilivyokuwa inashuka kwenye skrini, mzee kavaa miwani kasogea karibu, anasoma namba za kadi moja moja na kuzilinganisha na daftari lake la mistari, kila anayemtambua anataja kijiji chake. Katibu mwadilifu alikuwa anakaribia kuitwa mwizi kwa sababu ya mstari mmoja wa amri.

Na kuna la chini zaidi ya hilo. Kwenye MySQL 5.7 kurudi nyuma, hesabu ya ID inayofuata inakaa kwenye kumbukumbu ya muda tu. Ukimfuta mtu wa mwisho kwenye orodha, umeme ukakatika, seva ikawaka upya, mwanachama mpya anaweza kupewa ID ileile ya aliyefutwa. Kama kizuizi kilikuwa kimezimwa na kilo za yule wa kwanza zilibaki, zinakuwa za huyu mgeni. Toleo la 8.0 wamelirekebisha, ila nenda kaangalie ofisini kwenu mnatumia toleo gani kwa `SELECT VERSION();`.

Kinyume cha 1451 ni jedwali lililowekwa `ON DELETE CASCADE`. Hilo halikatai, linafuta mtu pamoja na kilo, malipo na kila kitu chake bila kuuliza. Kwa vitu kama sesheni au picha ya wasifu sawa. Kwa jedwali lolote lenye pesa au uzito weka `RESTRICT`. Angalia kwa `SHOW CREATE TABLE mizani;` usome mwishoni.

Simama hapa: ukikuta kilo yatima na msimu unaendelea, usianze kurekebisha mwenyewe ukiwa peke yako. Mwite fundi anayejua databesi, na akae na katibu au mhasibu wa chama, maana hapo kila mstari ni hela ya mtu.

Dalili: 419, 405, 403 au 404

Hizi ni namba za majibu ya seva, maelezo yake ni mafupi.

419 kwenye Laravel maana yake ukurasa umekaa wazi muda mrefu, tokeni ya usalama imekufa. Sesheni kwa kawaida ni dakika 120, karani kaenda kula kaja kuendelea. Rifreshi, ingia upya. Ikitokea hata kwa ukurasa mpya basi fomu imesahauliwa kuwekewa `@csrf`.

405 ni kwamba seva inategemea ombi la aina ya DELETE na fomu imetuma la aina ya POST au GET. Fomu za HTML zinajua GET na POST tu, kwaiyo ndani ya fomu weka `@method('DELETE')`.

403 ni ruhusa, wewe sio msimamizi. Lakini kama ni msimamizi na kwenye kompyuta ya fundi ilikuwa inafanya kazi, baadhi ya hosting za kulipia kwa mwezi zinazuia maombi ya aina ya DELETE kabisa, ongea nao au tuma POST yenye `_method`.

404 baada ya kufuta, mara nyingi mtandao ulikuwa mzito ukabofya mara mbili, ombi la kwanza limefuta, la pili halimkuti. Mei 2024 nyaya za intaneti za chini ya bahari zilipopata hitilafu nilipigiwa sana kwa hii. Zima kitufe mara tu kikibofywa mpaka jibu lirudi.

Na kama kufuta kwenye mfumo wenu ni kiungo cha kawaida, yani anwani kama `/futa?id=587` inayofanya kazi ukiifungua tu kwenye brauza, libadilisheni leo. Mwaka 2005 Google walitoa programu ya kuharakisha mtandao, Google Web Accelerator, ilikuwa inafungua viungo mapema kabla mtu hajabofya, ikapita kwenye viungo vya kufuta vya mifumo ya watu na vitu vikafutika kweli. GET ni ya kusoma.

Dalili: amefutwa mtu mwingine

Ukiona hii mara moja tu, zuia kufuta kwa watumiaji wote mpaka ujue chanzo. Usiseme labda nilibofya vibaya. Inawezekana ulibofya sawasawa.

Ninayoikuta zaidi ni kisanduku cha kuthibitisha kilichobaki na ID ya zamani. Fanya jaribio hili kwenye nakala ya majaribio: bofya Futa kwa mtu wa kwanza, kisanduku kikitokea bofya Ghairi. Sasa bofya Futa kwa mtu wa tano, thibitisha. Nani kaondoka? Akiondoka wa kwanza umeshapata jibu, ile sehemu iliyofichwa yenye ID inajazwa mara ya kwanza tu au inajazwa kwa kuchelewa. Kisanduku kionyeshe jina kamili, namba ya kadi na kijiji cha anayefutwa, na ID ichukuliwe kwenye `data-id` ya kitufe kilichobofywa wakati huohuo.

Ndugu yake huyu: kila mstari una kisanduku chake lakini vyote vimepewa `id="thibitisha"`. Brauza inafungua cha kwanza siku zote, kwaiyo ubofye wapi wapi anakufa wa juu.

Inayofuata, programu inatumia nafasi ya mstari badala ya ID ya mtu, wa tatu kutoka juu, ukipanga jedwali kwa jina au ukitafuta, wa tatu wa kwenye skrini sio wa tatu wa kwenye orodha ya ndani.

Alafu kuna kufuta kwa jina. `DELETE FROM watumiaji WHERE jina = 'Hamisi Salum'`. Jamani huku pwani kina Hamisi Salum ni wangapi kwenye kata moja? Usifute kwa jina. Tumia ID peke yake.

Moja ya nadra ila inaua wengi kwa pamoja: namba ya kadi imehifadhiwa kama maneno, mfano `NW/0345`, na programu imetuma 0 kwa sababu kisanduku kilikuwa kitupu. Kwenye mfumo uliozimwa strict mode (hali ya MySQL kukataa data isiyo sahihi), MySQL ikilinganisha maneno na namba inageuza maneno kuwa namba kwanza, na `NW/0345` inageuka 0. Kwaiyo `WHERE kadi = 0` inawakuta wote ambao kadi zao zinaanza na herufi. Tumia maombi yaliyoandaliwa (prepared statements) yenye aina sahihi, na seva ikatae kabisa kufuta kama ID ni tupu au ni 0. Tukiwa hapo, seva ihakikishe pia kwamba anayefuta ana ruhusa juu ya huyo mtu, maana kuficha kitufe tu hakumzuii anayejua kubadilisha namba kwenye anwani.

Dalili: nimemfuta, nikimsajili tena inasema yupo

Eroo 1062, namba ya simu au kadi imejirudia. Mfumo wenu unafuta kwa kuficha, yani mtu anawekewa tarehe kwenye safu ya `deleted_at` na orodha inamruka, ila yeye yupo palepale na namba yake ya simu kaishikilia. Hii ndo njia ninayoipendekeza kwa wanachama, kwaiyo usikasirike nayo. Mrudishe badala ya kumsajili upya. Kwenye Laravel ni `withTrashed()` kumtafuta na `restore()` kumrudisha. Historia yake inarudi naye.

Kama namba ya simu imehamia kwa mtu mwingine kweli, ifute kwenye rekodi iliyofichwa, iache tupu, na umwombe msimamizi aandike sababu.

Wengine wanauliza, mtu akitaka taarifa zake ziondoke kabisa je? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamgusa kila anayehifadhi taarifa za watu, na vyama vyetu vimo. Kufuta kwa kuficha peke yake hakujamwondoa mtu. Kinachowezekana kiufundi ni kuondoa jina, simu, picha na namba ya kitambulisho, ukabakiza ID na kilo ili hesabu za chama zisivunjike. Ila nini kinabaki na kwa miaka mingapi, hilo muulizeni mwanasheria au Tume yenyewe ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, fundi asiamue.

Dalili: karani kafutwa na bado anaingia

Hii nimeikuta kwa karani aliyeachishwa saa nne asubuhi na mpaka saa nane anaendelea kuingiza mizani kwenye simu yake. Sesheni iliyofunguliwa kabla hujamfuta inaweza kuendelea kuishi, na kama mfumo unatumia tokeni za JWT (kibali cha kuingia anachobeba mtumiaji mwenyewe) mara nyingi seva haiangalii databesi mpaka tokeni iishe muda wake. Futa sesheni zake kwenye jedwali la sesheni, na kwa tokeni fupisha muda na uangalie hali ya mtumiaji kwa kila ombi linaloandika kitu. Kwa makarani nashauri uzime akaunti badala ya kufuta, nani alipima mzigo gani ni swali litakaloulizwa.

Dalili: inazunguka tu

Subiri sekunde 50. Ikija eroo 1205 kuna muunganisho mwingine umeshika mistari hiyo, mara nyingi mtu kafungua transaction kwenye dirisha jingine la MySQL na hajaifunga. `SHOW PROCESSLIST;` itakuonyesha. Kwenye PostgreSQL sababu nyingine ni kwamba safu yenye ufunguo wa nje haiwekewi indeksi yenyewe, inabidi uiweke wewe, la sivyo kumfuta mtu mmoja kunapekua jedwali zima la mizani.

Dalili: wamepotea wote

DELETE bila WHERE. Acha kila kitu. Toa mfumo hewani sasa hivi, hata kwa kuchomoa waya wa mtandao, maana kila mwanachama mpya anayesajiliwa baada ya hapo anazidisha ugumu wa kurudisha. Usirudishe bekapu ya jana juu ya databesi hiyohiyo, utafuta na ya leo. Nakili folda nzima ya databesi kama ilivyo, ukiwa umezima huduma ya MySQL.

Alafu angalia kama binlog, yani kumbukumbu ya kila badiliko la databesi, ilikuwa inawaka: `SHOW VARIABLES LIKE 'log_bin';`. Kwenye MySQL 8.0 inawaka yenyewe na inatunzwa siku 30, hapo fundi anarudisha bekapu ya mwisho kwenye databesi ya pembeni na kucheza matukio kwa `mysqlbinlog` mpaka sekunde moja kabla ya ile DELETE. Kwenye MariaDB kawaida imezimwa, na XAMPP iliyojaa kwenye ofisi zetu inakuja na MariaDB, kwaiyo wengi wenu hamna. Iwasheni leo, na kwenye mteja wa MySQL tumieni `--safe-updates`, inakataa DELETE isiyo na WHERE yenye ufunguo kwa eroo 1175.

Hapa usiguse mwenyewe. Kama hujawahi kurudisha kwa binlog, tafuta aliyewahi, hata kama yuko Dar na itabidi umlipe. Mpe nakala, asili usimpe.

Mara ya mwisho tulipofanya hivyo bekapu ilikuwa ya usiku uliopita na binlog hamna. Tulikaa na katibu na yule dada karani, yeye anasoma namba ya kadi kwenye daftari, mimi naitafuta kwenye skrini, katibu anatiki kwa kalamu nyekundu. Saa tano usiku tukabaki na kadi mbili zisizokuwepo kwenye bekapu, wanachama waliosajiliwa asubuhi ileile. Tukawaingiza kwa mkono kutoka kwenye fomu zao, na kesho yake asubuhi katibu akawapigia simu wote wawili kuwasomea taarifa zao kabla mfumo haujarudi hewani.